Picha ya Goma imeletwa kwa WhatsApp, ukurasa unafungwa saa tatu usiku: naanzia wapi?

mezani_usiku

Hamjambo wana meza. Nina picha moja ya makala ya usuli kuhusu Goma na sitaki kuipitisha kwa kubahatisha.

Faili inaitwa IMG-20250128-WA0017.jpg, pikseli 1600 kwa 1066. Maelezo yaliyokuja nayo yanasema ilipigwa Goma, Jumatatu tarehe 27 Januari 2025, saa sita mchana, siku waasi wa M23 walipoingia mjini. Inaonyesha barabara ya mawe meusi, paa za mabati, watu wanne wamejitwika magodoro, na nyuma yao mlima wenye moshi mzito. Aliyeileta siye aliyeipiga. Aliikuta kwenye kundi.

Mhariri anaitaka iwe picha kubwa ya ukurasa wa kimataifa. Ameomba pia mkono wa mtu uliojitokeza ukingoni kushoto "usafishwe" na moshi "ukolezwe kidogo". Naomba mnieleze jinsi ya kujua kama imechezewa, na kama haya aliyoomba yanaruhusiwa. Niko Nairobi, sina mtu wa kumtuma akasimame barabarani pale.

---

kivuli_cha_mchana

Ndugu, kabla hujatafuta mkono wa Photoshop, chunguza tarehe na mahali. Picha nyingi za vita zinazotutia aibu hazijaguswa hata pikseli moja. Ni picha za kweli zilizovishwa maelezo ya uongo.

Jina la faili lisikudanganye. Ile 20250128 si siku ya kupigwa, ni siku simu ya Android ilipoihifadhi picha kutoka WhatsApp. Picha ya mwaka 2021 ikitumwa leo itapewa tarehe ya leo. WA0017 ni nambari ya mpangilio tu. Hizo pikseli 1600 upande mrefu nazo ni alama ya njia iliyopitia: WhatsApp ikituma picha kwa njia ya kawaida huipunguza, huibana upya na kuifuta metadata, yaani taarifa za siku, saa, mahali na kamera zinazofichwa ndani ya faili. Kwa hiyo kutokuwepo kwa metadata kwenye nakala yako hakuthibitishi lolote, si uongo wala ukweli.

Mwombe aliyeileta amfikie mpigaji, na faili itumwe kama hati, isitumwe kama picha. Ikitumwa hivyo haiguswi. Omba pia picha mbili tatu za kabla na baada ya hiyo. Aliyesimama barabarani na kamera hapigi mara moja akaondoka. Mwenye picha moja tu, na hana ya kabla wala ya baada, mara nyingi ameiokota.

Faili asilia ikifika, isome kwa exiftool, programu ya kusoma metadata:

exiftool -a -G1 -s picha.jpg

Tazama DateTimeOriginal (siku na saa ya kupigwa), kisha OffsetTimeOriginal (tofauti yake na UTC, saa ya dunia), kisha GPSTimeStamp (saa ya setilaiti). Hapa watu wa Nairobi huteleza: Goma iko saa moja nyuma yetu, UTC+2, sisi ni UTC+3. GPSTimeStamp huandikwa kwa UTC. Kamera iliyosafiri kutoka Nairobi bila kurekebishwa saa itaonyesha 13:00 wakati Goma ni 12:00, na hilo si kosa la kumhukumia mtu. Lakini tofauti ya saa tano au siku mbili idai maelezo. Kumbuka pia kwamba metadata hubadilishwa kwa dakika moja na yeyote mwenye programu hiyohiyo. Ichukulie kama kauli ya shahidi mmoja, na utafute wa pili.

Shahidi wa pili unaye tayari ndani ya picha, nao ni mlima na vivuli. Kama mlima ule ni Nyiragongo, uko kaskazini ya Goma, kwa hiyo kamera inatazama kaskazini. Goma iko karibu nyuzi 1.7 kusini mwa ikweta. Kuanzia mwishoni mwa Septemba hadi katikati ya Machi, jua la adhuhuri linakuwa upande wa kusini wa mji huo, na vivuli huangukia kaskazini. Januari mwishoni vinaangukia upande wa kaskazini tangu asubuhi hadi jioni. Kwa hiyo kwenye picha ya tarehe 27 Januari inayotazama Nyiragongo, vivuli vya hao wabeba magodoro lazima vielekee mlimani, vikienda mbali na kamera. Vikija kuelekea kwako, jua lilikuwa kaskazini, na picha si ya Januari.

Pima na urefu. Adhuhuri ya siku hiyo, Goma, ni kama saa sita na robo, na kivuli cha kitu kilichosimama wima ni takriban asilimia 30 ya kimo chake. Mtu wa mita 1.7 ana kivuli cha nusu mita. Ukiona kivuli kinakaribia kimo cha mtu, hiyo ni karibu saa tatu kabla au baada ya adhuhuri, hata kama mwezi ni sahihi. Tovuti ya SunCalc itakuchorea yote haya ukiweka mahali, tarehe na saa. Na mtu akiigeuza picha kama kwenye kioo, kushoto kuwa kulia, kivuli kinachokuja kwenye kamera kitaendelea kuja kwenye kamera. Ndiyo maana napenda kipimo hiki.

La mwisho kwangu: Nyiragongo ni volkano hai. Ililipuka Januari 2002, ikalipuka tena tarehe 22 Mei 2021, na mara zote mbili watu wa Goma walikimbia na magodoro vichwani. Moshi, mlima na magodoro vikikutana katika picha moja, vita si jibu la kwanza. Mei jua liko kaskazini, na vivuli huangukia kusini.

---

nane_kwa_nane

Naunga mkono ya mlima. Naongeza kuhusu moshi, kwa sababu moshi ndio kitu rahisi kuliko vyote kunakili, na ndio ulioleta kashfa kubwa ya picha za vita katika zama hizi za dijitali.

Agosti 2006, wakati wa vita vya Israeli na Hezbollah, Adnan Hajj aliyekuwa akipigia shirika la habari la Reuters alituma picha ya Beirut baada ya shambulio la ndege. Moshi ulikuwepo kweli. Alichofanya ni kuuongeza kwa stempu ya kunakili, zana ya kuhariri inayonakili kipande cha picha na kukibandika kwingine, na kwa kuwa alinakili kipande kilekile mara kadhaa, mafundo yaleyale ya moshi yakajirudia moja juu ya jingine kama chapa ya kanga. Wenye blogu waliliona kabla ya wahariri. Ikafuata picha yake ya ndege ya F-16 ambayo fataki moja iliyotupwa ilifanywa kuwa tatu. Reuters iliachana naye na kuondoa picha zake zote 920 kwenye hifadhi yake. Zingatia idadi hiyo: picha mbili zilizochezewa zilizika kazi nyingine 918 ambazo huenda hazikuwa na doa.

Fungua picha yako kwa asilimia 200, kisha 400, ukitembea juu ya moshi polepole kutoka chini kwenda juu. Tafuta umbo lenye kona au doa la pekee, halafu tafuta ndugu yake. Igeuze juu chini uipitie tena, maana jicho likishazoea picha huacha kuiangalia na kuanza kuikumbuka. Tazama kingo za paa pale moshi unapopita nyuma yake. Anayepaka moshi kwa haraka huacha ukungu juu ya bati ambao hauna sababu ya kuwa pale. Tovuti ya Forensically ina kipimo cha vipande vilivyonakiliwa, nayo hufanya kazi ndani ya kivinjari chako bila kuituma picha popote. FotoForensics ni tofauti, huko unaipakia kwenye seva yao. Picha inayoweza kumtambulisha chanzo aliye hatarini usiipeleke huko.

Tahadhari kubwa ni juu ya kile kipimo cha viwango vya makosa, chenye rangi za kung'aa kwenye giza. Watu wanakipenda kwa sababu kinaonekana kama eksirei ya hospitali. Kinachofanya ni kuibana picha upya kwa kiwango kinachojulikana, mfano 95, na kuonyesha kila sehemu imebadilika kiasi gani. JPEG huigawa picha katika miraba ya pikseli 8 kwa 8, na sehemu yenye kingo kali, mfano mawe meusi dhidi ya mbingu nyeupe, itang'aa hata kama haijaguswa na mtu. Picha iliyopita WhatsApp mara tatu imesawazishwa yote, na kipande kilichobandikwa kinaweza kuzama kabisa. Kwa faili yako ya sasa kipimo hicho hakifai kitu. Usimshtaki mpigapicha kwa ajili yake, wala usimsafishe.

Kwenye faili asilia, fungua pia kijipicha kilichofichwa ndani:

exiftool -b -ThumbnailImage picha.jpg > ndogo.jpg

Programu nyingine za kuhariri hubadilisha picha kubwa na kusahau ile ndogo. Ukiona ndogo ina mtu ambaye kubwa haina, kazi yako imekwisha.

Kuhusu picha za akili unde (AI), usitegemee mashine za kubashiri. Soma maandishi kwenye mabango, hesabu vidole, tazama kama waya za umeme zinafika kwenye nguzo, lakini ujue kwamba makosa haya yanapungua kila mwaka. Ipo saini ya asili inayowekwa na kamera yenyewe, C2PA, ambayo Leica M11-P ilitoka nayo mwaka 2023. Ikiwepo inasaidia. Isipokuwepo hujapata ushahidi wowote, kwa sababu mitandao mingi huifuta njiani.

---

kingo_safi

Mezani_usiku, nijibu lile la mkono na moshi, kwa sababu hata kama picha ni halali ombi la mhariri wako litaiharibu.

Mkono hausafishwi. Ama unabaki, ama unakatwa pamoja na ukingo wote wa kushoto. Kukata kingo kunaruhusiwa maadamu hakuondoi kitu kinachobadilisha maana. Mpiganaji aliyeinua mikono mbele ya bunduki, ukikata bunduki, umedanganya bila kugusa pikseli.

Narciso Contreras alikuwa miongoni mwa wapigapicha wa shirika la habari la AP waliopata tuzo ya Pulitzer mwaka 2013 kwa kazi ya Syria. Katika picha moja ya mpiganaji, kona ya chini kushoto ilikuwa na kamera ya video ya mwandishi mwenzake. Akaifunika kwa kunakili udongo wa pembeni. Ile kamera haikuwa na uzito wowote wa habari. AP waliachana naye Januari 2014, wakakagua karibu picha zake 500 na hawakukuta nyingine. Wapo wanaosema adhabu ilizidi. Mimi nasema msomaji hana namna ya kujua ni kona ipi imefunikwa kwa sababu ni uchafu na ipi imefunikwa kwa sababu inasema ukweli, kwa hiyo mstari lazima upite kabla ya kona zote.

Brian Walski wa Los Angeles Times naye, mwaka 2003 karibu na Basra, alikuwa na picha mbili zilizopigwa kwa muda mfupi: moja ina askari wa Uingereza aliye katika mkao mzuri, nyingine ina raia aliyembeba mtoto mahali pazuri. Akaziunganisha. Aligunduliwa kwa sababu watu walewale wa nyuma walionekana mara mbili. Alifukuzwa. Kila mtu kwenye picha ile alikuwepo kweli, ila tukio lililoonyeshwa halikutokea kwa sekunde yoyote.

Moshi "kukolezwa" ndiko kunakowachanganya wengi. Kung'arisha na kufifisha kunaruhusiwa kwa kiasi, kurekebisha rangi iliyoharibiwa na kamera kunaruhusiwa, stempu ya kunakili inaruhusiwa kwa vumbi la kwenye kihisio cha kamera na si zaidi. Lakini ukififisha hadi kitu kilichoonekana kikawa cheusi tii, umekifuta. Shindano la picha la World Press Photo la mwaka 2015 lilitupa nje asilimia 20 ya picha zilizofika duru ya karibu na mwisho kwa makosa ya uhariri, na nyingi zilikuwa za namna hii. Kipimo changu mezani: weka faili asilia na iliyohaririwa bega kwa bega, umwite mtu asiyejua habari hiyo, umwulize moshi huu ni wa jiko la mkaa au wa ghala la mafuta. Majibu yakitofautiana kati ya picha mbili, rudisha.

Hatua moja ya hifadhi ambayo meza nyingi huiruka: faili ikifika, kabla hujaifungua kwenye programu yoyote ya kuhariri, inakili kwenye folda isiyoandikwa juu yake, chukua alama yake kwa sha256sum (amri inayotoa namba ya kipekee ya faili, inayobadilika faili ikiguswa), na uandike nani ameileta, saa ngapi, kwa njia gani. Ugomvi ukizuka baada ya miezi minne, hiyo ndiyo itakayokusimamia.

---

mezani_usiku

Ahsanteni sana. Nimeitazama upya kwa asilimia 400. Umbo la mlima linalingana na Nyiragongo, na moshi sioni umejirudia. Lakini vivuli vya wabeba magodoro vinakuja kuelekea kamera. Vyote vinne, na cha nguzo ya umeme pia. Aliyeileta hawezi kumpata mpigaji.

Mhariri sasa anasema tuitumie hivyohivyo na kuandika "picha ya maktaba". Pia kuna picha ya pili, ya askari waliokamatwa wamekaa chini, nyuso wazi, na mtoto mmoja pembeni. Hiyo ina faili asilia na mpigaji tunamjua.

---

kivuli_cha_mchana

Nguzo imekumalizia kazi, haitembei wala haiinami. Jua lilikuwa kaskazini, picha si ya tarehe inayodaiwa. Iache.

"Picha ya maktaba" si sabuni ya kufulia picha isiyo na asili. Maneno hayo yanadai kwamba picha imo kwenye hifadhi yenu, mnamjua mpigaji, mnajua siku na mahali, na mmeamua kuitumia kuonyesha jambo la jumla. Nyinyi hamjui hata kimoja. Mei 2012 BBC iliweka kwenye tovuti yake picha ya safu za maiti zilizofungwa ikihusishwa na mauaji ya Houla, Syria, pamoja na onyo kwamba haikuweza kuthibitishwa. Ilikuwa picha ya Marco Di Lauro, ya Iraq, mwaka 2003. Onyo halikumsaidia msomaji, lilionyesha tu kwamba meza ilikuwa na shaka na ikaendelea.

Kama bado una dakika kumi, kata kipande cha barabara na paa peke yake, ukitafute kwa zana za kutafuta picha mtandaoni, Google Lens na Yandex, kisha TinEye ukipanga matokeo kuanzia ya zamani. Kipande mara nyingi hupata pale picha nzima iliposhindwa. Ukimpata mpigaji na tarehe yake halisi, inaweza kuwa picha nzuri ya habari nyingine.

---

wakili_wa_dawati

Nijibu ile ya mateka, maana hapo picha haijachezewa na bado inaweza kuwa kosa.

Mkataba wa Tatu wa Geneva wa 1949, ibara ya 13, unataka mateka wa vita walindwe dhidi ya matusi na dhidi ya kufanywa kitu cha kutazamwa na umma. Sharti hilo liko juu ya nchi inayowashikilia, na katika vita visivyo vya nchi kwa nchi ibara ya 3, iliyo sawa katika Mikataba yote minne ya Geneva, inakataza kudhalilisha utu. Gazeti halijatajwa pale. Lakini ukichapisha uso wa askari aliyekaa chini huku mikono imefungwa, unamkamilishia aliyemkamata kazi yake, na familia ya askari huyo inaweza kulipizwa kisasi kesho yake. Jiulize pia nani alimruhusu mpigaji kufika pale, na kwa nini. Tukio lililopangwa na upande mmoja wa vita liandikwe hivyo kwenye maelezo, kwamba picha ilipigwa katika ziara iliyoandaliwa na upande huo. Ikiwa faili yenyewe imetolewa na jeshi au waasi, itajwe kuwa ni picha waliyoitoa wao. Julai 2008 shirika la habari la AFP lilisambaza picha ya makombora manne ya Iran iliyotoka kwenye tovuti ya Walinzi wa Mapinduzi, ikafika kurasa za mbele za magazeti, na siku ya pili AFP ikaiondoa kwa sababu kombora moja lilikuwa limenakiliwa.

Hapa kwetu, kanuni za maadili zilizowekwa kwenye jedwali la pili la Sheria ya Baraza la Vyombo vya Habari ya 2013 zilitaka picha zisichezewe kwa namna inayopotosha ukweli, na zilitaka uangalifu na picha za msiba na zinazoweza kumdhuru aliyemo. Sote tunakumbuka Januari 2019, shambulio la hoteli ya Dusit hapa Riverside, gazeti la New York Times lilipoweka picha ya maiti mezani mwa mkahawa. Ilikuwa picha ya kweli kabisa. Baraza lilidai iondolewe, na Wakenya waliuliza swali ambalo naomba lisitoke mezani kwenu: je, tungechapisha hivi kama aliyekaa kwenye kiti kile ni jirani yetu? Kama tulichukia kwa ajili ya Nairobi, tuchukie kwa ajili ya Goma.

Kwa hiyo tafuta picha nyingine kwenye mfululizo wa mpigaji huyohuyo: migongo, mikono, viatu vya mpira vilivyovuliwa na kupangwa. Karibu kila mara ipo. Kama haipo na habari haisimami bila hiyo, mkate mtoto nje ya ukingo. Nyuso za askari, baadhi ya mashirika kama AP hayakubali kuzifunika kabisa, mengine yanakubali. Mkiamua kufunika, funikeni kwa doa zito linaloonekana wazi, mseme kwenye maelezo ya picha kwamba nyuso zimefunikwa na chombo chenu na kwa nini. Ukungu laini unaofanana na kutofokasi ni udanganyifu ule ule wa stempu.

Kabla ya kuipandisha kwenye tovuti, ondoa mahali kwenye nakala ya kuchapisha:

exiftool -gps:all= nakala.jpg

Asilia ibaki na GPS yake kwenye folda iliyofungwa. Nyumba ambayo mpigaji alijificha isionekane kwenye faili ambayo dunia nzima inaweza kuipakua.

---

kingo_safi

Niongeze moja, kwa sababu ukurasa wa kimataifa huwa unatangulia kwenye tovuti kabla ya kuchapwa. Angalia kama ile ya mlima imeshapanda. Kama imepanda, usiifute kimya. Iondoe kwenye makala, kwenye ukurasa wa X na Facebook, kwenye chaneli ya WhatsApp na kwenye gazeti la kielektroniki, maana nakala ndogo ya picha hubaki kwenye viungo vilivyokwisha kusambazwa. Kisha weka maelezo chini ya makala, bila kujizungusha: "Toleo la awali la makala hii lilikuwa na picha iliyodaiwa kupigwa Goma tarehe 27 Januari 2025. Vivuli vilivyomo vinaonyesha haikupigwa Januari, na mpigaji wake hajulikani. Tumeiondoa." Weka saa ya kuondoa. Mpigie pia aliyeileta umweleze, ili asiipeleke meza ya jirani usiku huuhuu.

---

mezani_usiku

Ilikuwa imepanda tangu saa kumi na mbili jioni. Imetoka sasa, maelezo yamewekwa. Ya mateka tumepata nyingine kwenye mfululizo, migongo tu, na mpigaji amekubali.